Khartoum Ilivyotulea

Mbele ya nyumba tuliyopanga kusini mwa jiji la Khartoum, ng'ambo ya njia ya vumbi, palikuwa na mitungi miwili ya udongo iliyoketi juu ya kitako cha chuma chini ya mwarobaini. Kila mtungi ulikuwa na kifuniko cha ubao, na juu ya kifuniko kikombe cha bati. Siku ya kwanza tulipita hapo na kiu kali ya mchana, tukaitazama, tukaingia ndani. Tulidhani ina mwenyewe. Siku ya tatu bibi mmoja aliyekuwa amekaa kizingitini akatuita kwa ukali: "Nyinyi watoto wa watu, maji haya yamewakosea nini?" Tukajibu, kwa Kiarabu chetu cha vitabuni, kwamba hatukuwa tumeomba ruhusa. Bibi akacheka mpaka mtandio wake ukamwanguka begani. Akatwambia mitungi ile iliwekwa na mumewe kabla hajafariki, kwamba maji yale ni ya kila apitaye, na kwamba mtu anayengoja ruhusa ya kunywa maji ya njiani anamdhulumu marehemu, kwa kuwa anampunguzia thawabu.

Msomaji anayetufahamu katika kurasa hizi kwa matangazo ya bati, saruji na ratiba za darsa atatuwia radhi leo. Kilichotufanya tushike kalamu kuandika habari za mji wa mbali ni deni, na deni lenyewe tutalifikia. Kwanza tueleze tulivyofika huko.

Tuliondoka Shinyanga mwaka 2009, mwaka ule ule uliozinduliwa mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama. Tulikuwa tumepata nafasi ya kusoma Sharia katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, chuo ambacho wazee wengi wa dini katika nchi yetu walikijua tangu kilipokuwa Kituo cha Kiislamu cha Afrika. Mama yetu hakuwa amewahi kusikia jina la Khartoum. Mwalimu wetu wa madrasa, aliyekuja kutuaga, alimtuliza kwa maneno ambayo hatujayasahau: maji utakayokinga bombani, mama, na maji atakayokunywa mwanao huko, yote ni ya ziwa moja. Alisema kweli. Nile Nyeupe hutoka katika ziwa letu, hupita Uganda na Sudan Kusini, na hukutana na Nile ya Buluu katikati ya Khartoum, mahali wanapopaita Muqran. Tulipokwenda kupaona, mito miwili ilikuwa ikitembea bega kwa bega ndani ya ukingo mmoja, kila mmoja na rangi yake, kabla haijakubali kuchanganyika.

Mwaka wa kwanza tuliishi bwenini. Baadaye tukapanga nyumba hiyo yenye mitungi mbele yake. Tulikuwa wanne: wawili wa Kanda ya Ziwa, mmoja wa Tanga na mmoja wa Unguja. Bibi yule tukamwita Haboba, kama wanavyowaita bibi zao, naye akatuhesabu miongoni mwa wajukuu. Alikuwa na mjukuu hasa, kijana wa rika letu aliyesomea uhandisi, na huyo ndiye aliyetufundisha Kiarabu cha mtaani, kwa kuwa kile cha darasani kiliwachekesha wauza mboga.

Tulichojifunza kwanza ni salamu. Msudani hakusalimu akapita. Hukuwekea mkono begani, kisha hukupa mkono, kisha huuliza hali yako, ya nyumbani, ya wazazi, ya masomo, ya afya, na akimaliza huanza upya kama kwamba majibu ya kwanza hayakumtosha. Wenzetu wa Pwani walichoka mapema. Sisi tuliotoka Usukumani tulijiona tuko nyumbani, maana kwetu pia mtu hawezi kusema "Mwangaluka" na kukimbia; mtoto hupiga goti, mkubwa huuliza, na habari ya ng'ombe huja kabla ya habari ya fedha. Usiku wa joto watu walitoa vitanda vya kamba uani na kulala chini ya nyota. Nacho kitanda kile, kwa mafundo na miguu yake, kilikuwa ndugu wa kitanda alichofia babu yetu.

Chakula nacho kilitupokea kwa namna hiyo hiyo. Tuliambiwa kabla ya kuondoka kwamba tutakula vyakula vya Kiarabu, tukajiandaa kwa wali na nyama. Tulikuta mtama. Tulikuta asida, ambayo ni ugali tu ukibadilishiwa jina, na kisra, mkate mwembamba wa mtama uliochachuliwa, na mchuzi wa bamia iliyokaushwa juani na kusagwa. Mtu aliyekulia michembe na majani ya kunde yaliyokaushwa kwa ajili ya miezi ya njaa hahitaji kuelezwa kwa nini bamia hukaushwa. Mwanafunzi asiye na fedha alikula "bosh", vipande vya mkate vilivyolowekwa katika supu ya maharage ya fuli na kumwagiwa mafuta ya ufuta, na waliozunguka sinia moja walikuwa sita, saba, hata kumi. Hatukumbuki hata siku moja tulipopita karibu na watu wanaokula tusiitwe. Mwanzo tulikataa kwa adabu, kama tulivyolelewa, mpaka mjukuu wa Haboba alipotueleza kuwa kule kukataa mara ya tatu ni matusi.

Pembezoni mwa barabara walikaa akina mama wauza chai, kila mmoja na jiko lake la mkaa, birika zake, makopo ya mdalasini, iliki, tangawizi na nanaa, na viti vifupi vya kamba vilivyozunguka. Hapo ndipo tulipofanya mitihani yetu ya kweli ya lugha. Asubuhi palikuwa na vitumbua vyao vya ngano, zalabia, vilivyonyunyiziwa sukari. Tuliwahi kuulizwa na jamaa zetu huku nyumbani kama wanazuoni hukaa vijiweni. Tulijibu kwamba huko tuliwaona maprofesa, madereva na watoto wa shule wakikaa kwenye viti vya kimo kimoja.

Wala hatukuwa wageni wa kwanza kuupenda mji ule. Katikati ya Khartoum palikuwa na hoteli iitwayo Acropole, iliyoendeshwa na familia ya Wagiriki tangu mwaka 1952. Tulipita nje yake mara nyingi tukielekea sokoni, na tulishangaa kuambiwa kwamba watoto wa mwanzilishi walizaliwa wakabaki, wakaona serikali zikija na kuondoka. Sisi tulikaa miaka minne tukajiona wenyeji. Watu wale walikaa miaka sabini, na kilichowaondoa ni vita.

Yako mengi ya urithi ambayo mwanafunzi wa Sharia angeweza kuyapita. Mwalimu wetu wa tarehe, mtu mkali ambaye hakupenda kicheko darasani, alitupeleka Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1971 kando ya Nile ya Buluu. Bustanini palisimama mahekalu ya kale ya Buhen na Semna, yaliyobomolewa jiwe kwa jiwe na kuhamishwa kabla maji ya bwawa la Aswan hayajayafunika. Ndani palikuwa na picha za kuta za makanisa ya Wanubi. Mmoja wetu akauliza, kwa nia njema, kwa nini Waislamu watunze masanamu na picha za makanisa. Mwalimu akamwambia asome hata hivyo, kwa sababu asiyejua waliokuwepo kabla yake hataelewa wale walioipokea dini hapa waliiacha nini. Mwaka 2011 ndipo UNESCO ilipoiweka Meroe katika orodha ya urithi wa dunia, na Sudan ina piramidi zaidi ya 200, ingawa ni ndogo kuliko zile za Misri. Tulikwenda Meroe kwa basi, tukarudi na mchanga masikioni.

Ijumaa jioni wako waliokwenda Omdurman, kwenye kaburi la Sheikh Hamad an-Nil, kuona watu wa tarika wakisoma dhikri. Katika nyumba yetu ya watu wanne tulitofautiana juu ya jambo hilo, na tunatofautiana hadi leo, hatutalifungua hapa. Lakini khalwa za Qur'ani hatukutofautiana. Tuliona watoto wakiandika kwa wino wa masizi juu ya mbao, wakihifadhi, wakiosha ubao na kuandika tena, na usiku wakikaa kuzunguka moto mkubwa uliowashwa ili wasomee nuru yake. Kila tunapogombana katika kamati yetu juu ya bili ya umeme wa madrasa, moto ule hutujia.

Sasa Ramadhani. Wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, mtaa mzima ulinuka hilumur. Hiki ni kinywaji kinachotengenezwa kwa unga wa mtama uliooteshwa, uliochanganywa na viungo na kuokwa kama karatasi nyembamba, ambazo baadaye hulowekwa majini. Jina lenyewe maana yake ni tamu-chungu. Haboba alipika chake uani pamoja na majirani, na harufu ile ikawa ndiyo tangazo la mwezi. Palikuwa pia na maji ya ukwaju na ya ubuyu, navyo hatukuhitaji kufundishwa.

Hakuna aliyefuturu ndani ya nyumba yake. Nusu saa kabla ya Magharibi wanaume walitoka na majamvi, wakayatandika kando ya njia, na sinia zikaletwa kutoka kila mlango: ya tajiri na ya maskini zikawekwa pamoja, na hakuna aliyejua anakula cha nani. Mwaka wetu wa pili tulisafiri kwa basi kwenda Wad Madani. Jua lilipokaribia kuzama tukaona vijana wamesimama katikati ya barabara kuu, wamenyoosha vilemba vyao kutoka upande huu hadi upande ule. Tulidhani ni majambazi, na mwenzetu wa Tanga akaanza kutia fedha yake ndani ya soksi. Dereva akasimama huku akicheka. Tuliteremshwa abiria wote, tukakalishwa kwenye majamvi ya kijiji ambacho hata jina lake hatukulipata, tukafuturu, tukaswali, na walipokuwa wakituaga walitushukuru wao. Fadhila ya kumfuturisha aliyefunga kila mtoto wa madrasa anaijua. Sisi tuliijua kwa miaka ishirini bila kumwona mtu akizuia barabara kwa ajili yake.

Hatutaki msomaji adhani kwamba tuliishi peponi. Wengi wa wale akina mama wa chai walikuwa wamekimbia vita vya Darfur na milima ya Nuba, na tuliwaona askari wakiwafukuza na kumwaga mkaa wao. Tulisikia pia watu weusi kama sisi wakiitwa kwa neno ambalo hatutaliandika katika gazeti la familia, na waliolitamka wengine walikuwa wameswali safu moja nasi. Tarehe 9 Julai 2011 Sudan Kusini ilipokuwa nchi huru, wanafunzi wenzetu wa huko walifunga mizigo. Mmoja aliyekuwa akikaa mtaa wa pili alikuja kumuaga Haboba, naye akamfungia zalabia katika gazeti na kulia. Ukarimu ule na dharau ile tuliviona katika mji mmoja, wakati mwingine katika nyumba moja. Hatujui namna ya kuvipatanisha, wala hatudhani ni kazi yetu kuvipatanisha.

Agosti 2013, tulipokuwa tukijiandaa kurudi nyumbani, mvua kubwa ikaleta mafuriko. Vijana wa Khartoum wakaanzisha mwito walioupa jina la Nafiir, neno lao la kale la kuitana kazini: kuvuna shamba la mgonjwa, kujenga nyumba iliyoanguka. Msukuma hawezi kulisikia neno hilo asikumbuke Bagika na Bagalu wakilima kwa ngoma. Tulibeba magunia ya mchanga siku nne, na mjukuu wa Haboba alikuwa msimamizi wetu, akitutania kwamba Mtanzania hujua kubeba kuliko kusoma.

Tukaagana Septemba. Haboba alitupa kifurushi cha hilumur, na akatutaka tuahidi kwamba siku mjukuu wake akifika kwetu, naye atakuta maji mlangoni. Tuliahidi kwa wepesi, kama mtu anavyoahidi uwanjani mwa ndege.

Nyumbani tulioa, tukapata watoto, tukafundisha madrasa, na kwa kudra ya Mwenyezi Mungu tukachaguliwa katibu wa kamati ya msikiti. Kifurushi kilipokwisha tulijaribu kupika hilumur wenyewe. Tukaotesha mtama, tukauanika uani. Mama mkwe alipokuja kututembelea na kukuta kimea kimetandazwa katika nyumba ya katibu wa msikiti, alikaa kimya mpaka jioni. Huku kwetu kimea kina kazi moja tu, na kazi hiyo ni pombe. Usiku alimwita binti yake pembeni na kumuuliza ameanza lini, akitukusudia sisi. Ilibidi sheikh aje kueleza, naye akaonja, akasema ni halali ila kina ladha ya dawa ya kikohozi. Mama watoto hakujaribu tena.

Tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1444, vita vilianza Khartoum baina ya jeshi la nchi na kikosi cha RSF. Wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa huko walitolewa mwishoni mwa mwezi ule kupitia Ethiopia, na tuliwaona katika runinga wakishuka ndege na mabegi madogo. Tuliwatambua bila kuwajua. Kwa siku nyingi simu ya mjukuu wa Haboba haikupatikana.

Ujumbe wake ulifika mwezi Mei. Ulianza na salamu kamili: hali yetu, ya mama, ya watoto, ya masomo ya watoto. Haukutaja mabomu. Mwishoni aliuliza mambo mawili, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: kwenu kuna amani? Na mtu akitaka kuja huko hupita njia gani?

Sisi tulijua kilichoulizwa. Tulikaa kwao miaka minne. Tulijua kwamba Msudani mwenye haya haombi, bali huuliza njia. Na tulikaa na ujumbe ule siku tisa bila kuujibu. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili. Mtoto wa tatu alikuwa na miezi mitano. Tukahesabu: nauli, viza, watu wa uhamiaji, godoro, je akija na mama yake, je akija na Haboba, je wakikaa mwaka? Kila hesabu ilikuwa ya kweli. Mama watoto alituuliza siku ya sita kama tumekwisha mjibu, tukasema tunatafuta maneno mazuri. Siku ya kumi tuliandika kwamba aje, na kwamba kilichopo tutagawana. Ikaonekana alama moja tu ya tiki. Haikuwa ya pili kwa wiki tano.

Alipopatikana tena alikuwa Misri. Alikuwa amepita Wadi Halfa na kulala mpakani siku nyingi. Haboba alikataa kuondoka nyumbani kwake, akafa mwezi Juni, na kwa kuwa njia ya makaburini haikupitika kwa risasi, majirani walimzika uani, karibu na mlango. Hayo aliyaeleza baada ya salamu. Aliuliza kama mama yetu bado ana maumivu ya goti. Kuhusu lile swali lake la Mei hakusema neno, hadi leo hajasema, nasi hatujapata ujasiri wa kulitaja.

Mengine tuliyasoma kama walivyosoma wengine. Hoteli ya Wagiriki ilifungwa. Desemba 2023 vita vikafika Wad Madani, na tukawaza kile kijiji kisicho na jina. Machi 2025 jeshi liliporudi katikati ya Khartoum, Makumbusho ya Taifa yalikutwa yameporwa. Watu zaidi ya milioni 12 walikuwa wamehama makwao. Katika mitaa iliyobaki na watu, vijana walifungua majiko ya umma, wakapika fuli katika masufuria makubwa na kugawa kwa kila aliyekuja na bakuli. Wao huyaita takiya, kwa jina la majiko ya zamani ya masheikh. Hatukushangaa.

Mwezi wa Shaaban mwaka 1445, yaani Februari 2024, tulileta katika kikao cha kamati hoja ya kufuturisha nje ya msikiti, kwenye uwanja wetu unaotazama barabara kuu ya kwenda Mwanza. Mabasi yatokayo Dar es Salaam hupita mjini kwetu jioni, na malori ya kwenda Kahama na Geita hupita saa zote, yamejaa vijana wanaokwenda machimboni. Kumbukumbu za kikao tuliziandika kwa mkono wetu, hivyo tunaweza kusema kwa uhakika nani alisema nini, ila majina tunayaacha. Mweka hazina alisema uji wa ndani hautoshi waumini wenyewe. Mzee mmoja alisema nusu ya abiria wale si Waislamu. Mwingine aliogopa ajali, na alikuwa na haki, tukakubaliana kwamba hakuna atakayevuka ukingo wa lami. Imamu alisikiliza, kisha akauliza: hoja hii imetoka wapi? Tukajibu kwamba tuliiona Sudan. Hatukusema zaidi. Hoja ikapita kwa kura moja.

Siku ya kwanza hakusimama mtu. Tulikuwa na masufuria mawili ya uji, tende, viazi vitamu na kunde, na vijana wa madrasa wakipunga mikono. Kondakta wa basi alichungulia dirishani akidhani pametokea ajali. Siku ya pili dereva wa lori alipunguza mwendo, akauliza bei. Tukamwambia hakuna bei. Akatutazama vizuri, akaondoa gari. Siku ya nne akasimama yeye yule, na utingo wake, na vijana saba waliokuwa juu ya mzigo wakielekea Geita. Wawili tu kati yao walikuwa wamefunga. Walikula wote. Mzee mmoja wa Kisukuma, jirani yetu asiye Mwislamu ambaye kwa miaka yote tulikuwa tukimsalimia kwa mbali, alikuja na beberu mdogo siku ya kumi na mbili, akasema haiwezekani watu wapite mbele ya boma lake wakila cha wengine tu. Mweka hazina aliandika beberu katika daftari la mapato, kwa kuwa hakujua amwandike wapi kwingine.

Sio kila kitu kilikwenda sawa. Vikombe vilipungua. Mwaka uliofuata michango ilikuwa haba, tukafuturisha nje siku kumi badala ya mwezi, na yule mzee aliyepinga bado anapinga.

Mtungi tuliununua baada ya Idi ya mwaka huo, kwa mama mfinyanzi sokoni. Wa kwanza ulivunjwa na mpira wa watoto, na kusema kweli mpira ulikuwa wa mwanetu. Wa pili uko mlangoni mwa msikiti chini ya mti, juu ya kitako cha nondo alichochomelea fundi bila malipo, na kikombe chake kimefungwa kwa mnyororo baada ya viwili kuibwa. Maji yaliyomo ni yale ya Ihelele.

Jioni moja mjukuu wa Haboba alipiga simu ya picha kutoka Cairo. Baada ya salamu, ambazo zilichukua muda wake, tuligeuza simu tukamwonyesha mtungi bila kusema kitu. Alinyamaza. Kisha akasema tumeuweka mahali pabaya, jua la saa nane litaufikia. Tuuvalishe gunia na kulilowesha asubuhi na jioni ili maji yapoe. Akauliza tunauosha lini. Tukasema ukichafuka. Akatwambia Haboba aliosha yake kila Alhamisi baada ya Alasiri, kwa mchanga kwanza kisha kwa maji.

Gunia tulilipata kwa muuza mchele. Alhamisi tukaazima ndoo ya mchanga kwa jirani.